UZI MAALUMU: Vitamini, chakula na mazoea kwa anayetumia dawa za kipara

#1 Dawa_na_Dozi (mleta uzi)

Wakuu, kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Rungwe na Kyela, wengine wote poleni na baridi.

Swali linalorudi kila wiki humu ni "nimeanza dawa ya kipara, niongezee vitamini gani?" Tulimalize hapa ili atakayeuliza tena aelekezwe kwenye uzi huu.

Tuanze na chanzo chenyewe. Kipara cha kiume huingilia kwenye pembe za paji au utosini, kisogo na pembeni hubaki salama. Anayekileta ni DHT, homoni inayotengenezwa kutoka kwenye testosteroni na kimeng'enya kinachoitwa alfa-riduktesi. Kwa mtu aliyerithi mizizi isiyoivumilia DHT, kila unywele ukidondoka unaofuata hutoka mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, mpaka pale panabaki malaika tu. DHT haisikii vitamini. Umeze kopo zima, itaendelea na kazi yake.

Dawa zenye ushahidi mzito ni mbili. Finasteraidi ya kumeza, 1 mg kwa siku, hushusha DHT ya kwenye damu kwa takribani 70%. Marekani iliiruhusu kwa kipara mwaka 1997. Kwenye majaribio yake, baada ya miaka 2, 83% ya waliomeza hawakuwa wamepungukiwa nywele kwenye eneo lililohesabiwa, na kwa waliopewa kidonge bandia (cha kulinganishia, kisicho na dawa ndani) ni 28%. Minoksidili ya kupaka 5% yenyewe haigusi DHT, inarefusha muda wa unywele kukua. Ndiyo maana wengi wanaziunganisha: moja inaziba panapovuja, nyingine inamwagilia.

Virutubisho vinakuja nyuma ya hapo. Kama mwili una upungufu, vinaziba. Kama hauna, unajaza debe lililojaa.

Sasa minoksidili, kwa sababu inaharibiwa na mazoea kuliko dawa yoyote ninayoijua. Kipimo ni mililita 1 asubuhi na mililita 1 jioni, kwa dropa yenye alama. Chupa ya mililita 60 ni ya mwezi mmoja kamili. Ukiona yako inafika miezi miwili, unatumia nusu dozi hata kama hujui. Ya povu ni nusu ya kifuniko kwa kila mpako. Ngozi iwe kavu. Gawa nywele mistari, dondoshea kwenye ngozi, sambaza kwa ncha za vidole, nawa mikono kwa sabuni. Usioshe kichwa kwa saa 4 zinazofuata, na mpako wa jioni uwe saa 2 hadi 4 kabla ya kulala, la sivyo dawa inanyonywa na mto. Mto huohuo mtoto akiulalia, anaweza kuota nywele usoni.

Wenye paka nyumbani: minoksidili humuua paka hata kwa kiasi kidogo. Asilambe mikono, asilalie mto, na chupa tupu zisiachwe wazi.

Haya, karibuni.

#2 Mwaisa_Uyole

Mkuu shukrani. Hapa Mwanjelwa, Mbeya, kuna makopo ya biotini (ile vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele) yameandikwa mikrogramu 10,000. Wauzaji wanasema hiyo ndiyo "ya wanaume", ya 5,000 ni ya akina mama. Kuna ukweli?

#3 Lishe_Kusini

Mwaisa, biotini haina jinsia. Mtu mzima anahitaji takribani mikrogramu 30 kwa siku, na hizo zinapatikana kwenye mayai, maharage, karanga, maini na viazi vitamu bila hata kujitahidi. Kopo la 10,000 ni zaidi ya mara 300 ya hitaji. Upungufu wa kweli ni nadra: watu wanaokunywa mayai mabichi kwa muda mrefu (ute mbichi una protini inayoishika biotini isifyonzwe), wenye magonjwa fulani ya kurithi, na baadhi ya wanaotumia dawa za kifafa. Hao ndio inaowarudishia nywele. Kwa kipara cha DHT hakuna jaribio zuri lililoonyesha inasaidia.

Ninaona ni vizuri kwenda kirutubisho kimoja kimoja, maana ubaya wa baadhi ni mkubwa kuliko kutosaidia.

Protini ndiyo ya kwanza, na ndiyo isiyouzwa kwenye kopo zuri. Unywele karibu wote ni keratini, ambayo ni protini. Mtu wa kilo 70 anahitaji angalau gramu 56 kwa siku (0.8 kwa kila kilo). Yai moja ni gramu 6. Kikombe cha maharage yaliyoiva ni 15 hivi. Kiganja cha usipa mkavu (dagaa wa Ziwa Nyasa), gramu 30 kwenye mizani, kinapita 15. Sasa mtu anayekunywa chai na maandazi asubuhi, chipsi kavu mchana, wali na kachumbari usiku, hata afike 35 ni kwa bahati. Huyo akimeza biotini anakarabati rangi ya ukuta wakati nguzo haina saruji.

Chuma. Hapa Nyanda za Juu tuna tabia moja: chai ya Tukuyu au ya Mufindi, iliyokolea, kwenye meza ileile ya chakula. Kemikali za chai hukamata chuma cha maharage na mboga za majani kisifyonzwe. Isogeze saa moja au mbili baada ya kula, na kwenye maharage kamulia ndimu au kula chungwa juu yake, vitamini C inafungua mlango. Hiyo haikugharimu hata shilingi. Lakini vidonge vya chuma mwanaume ASIMEZE bila kipimo. Mwanaume hana hedhi, hana njia ya kawaida ya kupoteza chuma kingi, kwa hiyo akionekana nacho kidogo mara nyingi kuna kinachokinyonya: safura (hasa wa mabondeni Kyela, wanaolima peku), kidonda cha tumbo, au jambo kubwa zaidi kwenye utumbo. Kidonge kinaficha moshi, moto unaendelea.

Zinki: mwanaume anahitaji 11 mg, kiwango cha juu cha mtu mzima ni 40 mg kwa siku kutoka vyanzo vyote. Kuna wanaonunua vile vidonge vya 20 mg vya watoto wanaoharisha na kumeza vitatu kila siku "kwa ajili ya nywele". Hiyo ni 60, miezi mfululizo. Zinki ikizidi inazuia shaba kufyonzwa, shaba ikipungua unapata upungufu wa damu na ganzi za miguuni. Mbegu za maboga, nyama na maharage yaliyolowekwa usiku kucha vinatosha wengi.

Vitamini A ndiyo ninayoiogopa zaidi kwa sababu ikizidi INANYONYOA nywele. Kikomo ni mikrogramu 3,000 kwa siku za ile ya wanyama na ya vidonge. Gramu 85 tu za maini ya ng'ombe zina zaidi ya 6,000. Mlo mmoja wa maini kwa wiki hauna shida. Shida ni maini mara tatu kwa wiki, juu yake kidonge cha "nywele, ngozi na kucha" chenye vitamini A, juu yake tena mafuta ya ini la samaki. Ya karoti, maboga na matembele haina tatizo hilo, mwili unaibadilisha kwa kadiri unavyohitaji.

Seleni, madini mengine ya kwenye makopo hayo, ni hivyohivyo, kikomo mikrogramu 400 kwa siku. Mwaka 2008 huko Marekani kulitoka kinywaji cha virutubisho kilichokosewa kiwandani, seleni ikawa mara 200 ya ilivyoandikwa kwenye lebo. Watu 200 na ushee waliugua, na wengi wao walinyonyoka nywele. Dawa ya nywele, ikaondoka na nywele.

Vitamini D: usizidi yuniti 4,000 kwa siku bila daktari.

#4 Mnyalukolo

Lishe_Kusini nakazia hapo kwenye chai. Ila makopo ya "nywele ngozi kucha" yana vitu 20 ndani, mtu atajuaje?

#5 Lishe_Kusini

Geuza kopo, tafuta jedwali la nyuma. Soma kwanza "kwa kila dozi" ni vidonge vingapi, maana wengine wanaandika kiasi cha vidonge viwili au vitatu. Kisha tazama vitamini A, seleni na zinki. Asilimia ya hitaji la siku ikiwa chini ya 100 kwa kila kimoja, hakuna madhara, ni hela yako. Kama kiasi hakijaandikwa kabisa, pameandikwa tu "mchanganyiko maalumu", rudisha kopo rafuni.

#6 Darubini

Kutoka upande wa maabara, mambo matatu.

Biotini ya dozi kubwa inavuruga vipimo. Mashine nyingi za kupima homoni hutumia biotini ndani ya kipimo chenyewe kama gundi. Damu ikija imejaa biotini ya kopo, gundi inachanganyikiwa: tezi ya shingo inaonekana imechangamka kupita kiasi wakati iko sawa, na troponini, kile kipimo cha mshtuko wa moyo, inaweza kusoma chini kuliko ukweli. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2017. Kwa hiyo anayemeza 5,000 au 10,000 aache siku 3 kabla ya kupima, na AMWAMBIE anayemtoa damu. Wagonjwa wanataja dawa, vitamini hawazitaji kwa sababu hawazihesabu kuwa dawa.

La pili, PSA. Finasteraidi inashusha kipimo hiki cha tezi dume kwa karibu nusu ndani ya miezi 6 hadi 12. Mzee wa miaka 55 anayeimeza akisoma 3, daktari aisome kama 6. Asipojua kuwa unaimeza, atakuambia uko salama.

La tatu, nini cha kupima kabla ya kununua virutubisho. Picha kamili ya damu, feritini, TSH ya tezi ya shingo. Feritini ni ghala la chuma, inaweza kuwa imeisha wakati wingi wa damu bado unasoma vizuri. Angalizo: feritini hupanda mwilini mkiwa na maambukizi, kwa hiyo usipime ukiwa na homa. Nywele zikinyonyoka kwa viraka vidogovidogo kila mahali kama zimeliwa na nondo, ongeza kipimo cha kaswende. Msinune, ndiyo inavyojitokeza.

#7 Kiwembe

Nizungumzie kichwa chenyewe maana kinyozi ndiye anayekiona kwa juu.

Siyo kila anayepoteza nywele ana kipara cha kurithi. Kiraka cha mviringo kilicholainika kama kiganja, bila magamba, ni ugonjwa mwingine, kinga ya mwili inashambulia mizizi. Kiraka chenye magamba na nywele zilizokatikia chini ni mapunye, hayo ni fangasi, kwa kawaida yanahitaji dawa ya kumeza, ya kupaka peke yake haiwafikii walio ndani ya unywele. Vipele vigumu kisogoni vinavyoacha kovu, hivyo vinaletwa na kuchezewa na kunyoa chini kabisa: mwambie kinyozi asishuke chini ya namba moja, wembe usiguse kisogo. Penye kovu, ngozi imeng'aa na vitundu vya nywele havionekani, minoksidili haioti kitu. Mzizi umeshakufa.

Kwa mwenye nywele zetu hizi za kipilipili, minoksidili ya maji inaishia kwenye nywele kabla ya kufika chini. Kunyoa namba mbili au tatu kunasaidia ifike. Ila siku ya kunyoa usipake, subiri kesho yake. Mashine na wembe vinaacha michubuko usiyoiona, dawa inapita nyingi kwenda kwenye damu, na ndipo mtu anasikia moyo unakimbia na kizunguzungu.

Mba. Kipindi cha Juni na Julai mtu wa Mbeya au Makete haoshi kichwa wiki mbili kwa sababu ya baridi, anashinda na kofia ya sufu, anajipaka mafuta ya mgando juu ya mba. Mafuta juu ya mba ni kulisha fangasi. Shampuu ya ketokonazoli 2%: lowesha, paka kwenye ngozi siyo kwenye nywele, HESABU dakika 3 hadi 5, suuza. Mara 2 kwa wiki kwa wiki 2 hadi 4, halafu mara moja kila wiki moja au mbili. Wengi wanaipaka na kuisuuza palepale kama sabuni, halafu wanasema haifanyi kazi. Maji yawe vuguvugu, yale ya kuunguza yanakausha ngozi zaidi. Kofia yenyewe haileti kipara, ila ioshe kila wiki.

#8 Parachichi_Tukuyu

Naomba wataalamu mseme kuhusu vya asili. Mbegu za maboga, rozimari, maji ya kitunguu, mafuta ya nyonyo. Huku kila mtu ana yake, na parachichi tunazo za kumwaga, tusije tukaacha dawa mlangoni.

#9 Dawa_na_Dozi

Parachichi, hebu tuzipime moja moja kwa haki.

Mbegu za maboga ndizo zenye kitu cha kueleza. Korea Kusini, 2014, wanaume 76, miligramu 400 za mafuta yake kwa siku kwa wiki 24: idadi ya nywele ilipanda 40%, kwa kidonge bandia 10%. Inavutia. Ila kile kidonge kilichanganywa na mimea mingine, kwa hiyo huwezi kujua nani alifunga goli, na tangu hapo hakuna jaribio kubwa lililoirudia. Kukaanga mbegu za maboga na kuzitafuna ni chakula kizuri chenye zinki, fanya. Usiite dawa.

Rozimari: jaribio la 2015 nchini Iran, watu 100, miezi 6, ikalingana na minoksidili. Wauzaji wanaishia hapo. Wasichosema ni kwamba ilikuwa minoksidili ya 2%, siyo ya 5%, na hakukuwa na kundi la dawa bandia. Mafuta yake makali hayapakwi yenyewe, yanaunguza: matone 5 au 6 kwenye vijiko vya chai viwili vya mafuta ya nazi, jaribu kwanza nyuma ya sikio, ngoja siku nzima. Na kama unatumia minoksidili, mafuta yoyote yaje BAADA ya saa 4. Ukitanguliza mafuta, dawa inateleza juu yake.

Maji ya kitunguu yalijaribiwa Iraki, 2002, kwa ule ugonjwa wa viraka vya mviringo alioutaja Kiwembe, siyo kipara cha DHT. Kwa kipara yanakupa harufu na upele.

Nyonyo na parachichi vinalainisha unywele ulioko. Nazi imeonyeshwa kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Hiyo ni kazi ya juu ya ngozi, mzizi uko milimita kadhaa chini.

#10 Mwaisa_Uyole

Na vijana wa gym je? Kriatini, ule unga wa misuli, inanyoa au hainyoi?

#11 Lishe_Kusini

Hofu hiyo ilitoka kwenye utafiti mmoja wa Afrika Kusini, 2009, wachezaji 20 wa raga. Gramu 25 kwa siku kwa wiki moja, kisha gramu 5 kwa wiki mbili. DHT ilipanda 56% baada ya wiki ya kwanza, ingawa ilibaki ndani ya kiwango cha kawaida. Nywele zenyewe hawakuzihesabu. Mwaka 2025 likatoka jaribio la wiki 12 la gramu 5 kwa siku lililopima nywele moja kwa moja, na tofauti na kidonge bandia haikuonekana. Kwa hiyo mwenye wasiwasi abaki kwenye gramu 3 hadi 5, aachane na ile wiki ya kujaza gramu 20 na kitu.

Kinachonyoa kweli gym ni sindano za testosteroni na ndugu zake. Hapo unamwaga petroli. Na usifikiri finasteraidi itakulinda na zote: nandroloni, kwa mfano, kimeng'enya cha alfa-riduktesi huigeuza kuwa kitu hafifu zaidi, ukikizuia kwa finasteraidi inabaki kali na nywele zinaathirika zaidi.

#12 Mnyalukolo

Mambo ya maisha nayo yasisahaulike. Sigara na kipara vimeonekana kwenda pamoja kwenye tafiti nyingi, na nikotini inabana mishipa midogo. Ulanzi (pombe ya mianzi) sina ubaya nao mkuu, msimu ukifika tunywe. Ila anayeshinda kilabuni hali chakula, na ulanzi hauna protini. Aliyeandikiwa minoksidili ya KUMEZA pia ajue ile ilianza kama dawa ya presha: pombe juu yake inashusha presha, unainuka kwenye benchi unaanguka.

Halafu kuna nywele zinazodondoka ghafla kichwa kizima. Malaria kali, taifodi, upasuaji, msiba, au kujinyima kula upungue kilo 10 kwa mwezi. Zinadondoka miezi 2 hadi 3 BAADAYE, mtu ameshasahau, anatafuta mchawi kwenye shampuu mpya. Hizo kwa kawaida hurudi zenyewe ndani ya miezi 6 chanzo kikiisha. Anayeongeza vitamini wakati huo atazisifia vitamini.

Jua nalo. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi, ubaridi unadanganya, miale ni mikali. Utosi ulio wazi uvae kofia saa sita mchana. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hiyo ni lazima, na iwe ya ukingo mpana.

#13 Parachichi_Tukuyu

Roller yenye sindano inauzwa mitandaoni wanasema ukiongeza na minoksidili nywele zinaota mara nne. Kweli?

#14 Dawa_na_Dozi

"Mara nne" imetoka India, 2013. Wanaume 100, wiki 12. Waliopaka minoksidili na kuchomwa sindano mara moja kwa wiki waliongeza wastani wa nywele 91 kwenye eneo lililohesabiwa, waliopaka tu 22. Ushahidi upo. Lakini ile ilikuwa sindano za milimita 1.5 mikononi mwa wataalamu. Nyumbani usipite 0.5. Loweka roller kwenye spiriti ya 70% kwa dakika 10 kabla na baada, viringisha bila kukandamiza, simamisha ngozi inapokuwa nyekundu, damu isitoke. Minoksidili isiguse hapo kwa saa 24. Sindano zikipinda, tupa. Usiazimishane hata na ndugu wa tumbo moja, homa ya ini B na VVU havijui undugu.

Mwenye historia ya makovu yanayovimba (kifuani, sikioni alipotobolewa, kidevuni) asiiguse kabisa. Ngozi zetu zina tabia hiyo kuliko za wengine, na kovu likija kichwani mzizi unakwenda nalo.

#15 Mwaisa_Uyole

Swali ambalo kila mtu analizunguka: finasteraidi na nguvu za kiume?

#16 Dawa_na_Dozi

Kwenye majaribio ya 1 mg, waliopata tatizo lolote la tendo walikuwa 3.8%, na kwa kidonge bandia 2.1%. Hamu kupungua 1.8% dhidi ya 1.3, kushindwa kusimamisha 1.3 dhidi ya 0.7. Kwa walio wengi hali hurudi wakiacha, na wapo walioripoti kuendelea baada ya kuacha. Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilithibitisha mawazo ya kujiua kuwa ni athari inayowezekana ya finasteraidi ya kumeza. Mwenye historia ya sonona azungumze na daktari KABLA, na mood ikibadilika aache na arudi hospitali siku hiyohiyo. Anayetafuta mtoto na mbegu zake zinasuasua, amweleze daktari pia.

Wanaonunua ya 5 mg ya tezi dume na kuikata vipande vinne: 1.25 mg badala ya 1 haina tofauti ya maana. Hatari ni vumbi. Mjamzito, au anayeweza kuwa mjamzito, asishike kidonge kilichovunjika, mtoto wa kiume tumboni anaweza kuharibika maumbile. Kata mwenyewe kwa kikatio, futa meza kwa kitambaa chenye maji, nawa. Usichangie damu mpaka mwezi mmoja upite tangu kidonge cha mwisho. Na ni dawa ya cheti cha daktari, tena angalia usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania. Inayouzwa ndani ya mfuko wa nailoni bila boksi, muulize muuzaji kama yeye angemeza.

#17 Parachichi_Tukuyu

Na zile nywele kumwagika zaidi ukianza minoksidili, ndiyo mtu aache?

#18 Kiwembe

Asiache. Wiki ya 2 hadi ya 8 hivi nywele zilizokuwa zimelala zinasukumwa nje na zinazokuja nyuma yake. Hapo ndipo wengi wanakimbilia kopo la vitamini, miezi miwili baadaye nywele zinaonekana, sifa anapewa vitamini na minoksidili inaachwa. Miezi 3 hadi 4 tangu aache, kila alichokipata kinadondoka.

Dawa ya ugomvi huo ni picha. Siku ya kwanza kabla ya kupaka, simama chini ya taa ileile, piga nne: paji kwa mbele, kila pembe, na utosi, mtu mwingine akushikie simu. Nywele ziwe urefu uleule, yaani piga siku ya tatu baada ya kunyoa namba ileile. Rudia kila mwezi tarehe moja. Usijitazame kwenye kioo katikati. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati na ukipe miezi 6, minoksidili na finasteraidi zihukumiwe kwenye mwezi wa 12.

#19 Mwaisa_Uyole

Basi kopo la 10,000 linarudi Mwanjelwa. Kama wanakataa kurudisha?

#20 Lishe_Kusini

Kama seal bado, bishana nao. Kama umeshafungua, halitakuua, limalize taratibu, ila andika kwenye simu tarehe ya kidonge cha mwisho ili Darubini asije akakupima tezi ukiwa umejaa gundi. Hela ya kopo lijalo nunua trei ya mayai.

#21 Darubini

Na ayachemshe.